Zimwi Lijualo Kiswahili

Shosho alikuwa na macho mabovu na masikio makali. Desemba ya 2013 alikuja Nakuru kutoka Subukia kwa kliniki ya macho, akalala kwangu Kaptembwo siku nne, na jioni ya pili stima ikapotea kama ilivyo desturi yake mvua ikitishia tu. Nilikuwa na laptopu iliyobakiwa na chaji ya dakika arobaini hivi. Kijana wa duka la sinema alikuwa amenijazia flashi vipindi vya zamani kwa shilingi 50, nikafungua kile cha kwanza kabisa cha Star Trek, mfululizo wa safari za angani, kilichoonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Shosho aliketi ukingoni mwa kitanda akichambua maharagwe gizani, vidole vikitafuta vijiwe kwenye sinia. Kiingereza cha sinema hakikumhusu.

Mara vidole vikasimama.

"Nani huyo anaongea Kiswahili?"

Kwenye skrini, Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani, amesimama kwenye ujia. Mbele yake ametokea mwanamume Mweusi, mtanashati, ambaye hajawahi kumwona. Mwanamume anamsemesha Kiswahili. Ni Kiswahili kinachojikwaa, chenye lafudhi ya Marekani, lakini shosho alikinasa kabla yangu. Nikamweleza kwamba yule si mwanamume. Ni kiumbe wa sayari nyingine anayekufa kwa njaa ya chumvi, na chumvi yake huifyonza kutoka miilini mwa watu. Kila anayekutana naye anamwona kwa sura ya mtu anayemtamani moyoni. Daktari wa chombo anamwona mpenzi wake wa zamani. Uhura anamwona mtu wa kwao.

"Si ni zimwi hilo," shosho akasema, akarudia maharagwe yake.

Hadithi anayoisema mnaijua, hata kama shosho wenu aliisimulia kwa majina mengine. Mama anawafungia watoto ndani kila akienda shambani, na akirudi ana wimbo wake wa kufunguliwa mlango. Zimwi linajibanza kichakani, linausikiliza wimbo, linakuja kuuimba. Sauti ni nzito kama gogo, watoto wanakataa. Linakwenda kwa mhunzi, linatiwa chuma cha moto kooni mpaka sauti inakuwa nyembamba, linarudi. Safari hii watoto wanafungua. Kwa hiyo shosho hakuona ajabu zimwi la Marekani kujua Kiswahili. Alichoona ajabu ni yule msichana. Mbona hamuulizi ni wa nani, ametoka wapi, kwao ni kwa nani? "Mtu akikukuta ugenini akakuletea lugha ya mama yako bila kuulizwa," alisema, "hapo ndipo unasukuma komeo."

Chaji ikaisha kabla zimwi halijafika mwisho wake.

Hadithi za aina hii walimu huziita bunilizi za kisayansi. Kwenye plot yetu, miaka ya tisini, zilikuwa sinema za anga tu. Baba alikuwa na runinga ya Greatwall, nyeusi na nyeupe, inchi 14, iliyokula betri ya gari. Betri ilibebwa kwa wilbaro hadi kwa mchajishaji, ikarudi kesho yake, na ikianza kuchoka picha ilisinyaa kutoka pembeni kama nailoni iliyowekwa karibu na jiko. Antena ilikuwa juu ya mlingoti nje. Mmoja wetu alitumwa kuizungusha huku wengine wakipiga kelele ndani: hapo hapo, hapana, rudisha, umeharibu! Mtumwa huyo, ambaye mara nyingi alikuwa mimi, alijua sinema kwa sauti yake tu. Labda ndiyo sababu nilikuja kuelewana na shosho.

Jumamosi moja mpangaji wa chumba cha mwisho alikodi deki na kanda ya Return of the Jedi, mojawapo ya filamu za Star Wars. Kanda yenyewe ilikuwa imenakiliwa mara nyingi hadi usiku wa angani ulikuwa wa kijivu na nyota zilikuwa mikwaruzo. Karibu na mwisho, Lando, mmoja wa mashujaa, anaendesha chombo akiwa na rubani msaidizi wa ajabu, mtu mfupi mwenye mashavu yanayoning'inia na macho meusi makubwa. Rubani huyo akasema jambo. Mama mmoja aliyekuwa akifua nje kwenye beseni akaacha nguo, akaja mlangoni na povu mikononi.

"Rudisheni hapo."

Ikarudishwa. Akapasuka kicheko hadi akashika fremu ya mlango. Yule kiumbe alikuwa amesema kwa Kikuyu, waziwazi, kitu kama "nyinyi nyote mlio huko, njooni hapa", na Lando amemjibu kwa Kiingereza kana kwamba amepewa siri ya vita. Jirani yake, mama Mkalenjin, akaketi chini akasikiliza na yeye. Akasema sivyo, pale pengine ni Kikalenjin. Walibishana wiki nzima, na kanda ikachelewa kurudishwa, na mpangaji akalipa faini.

Nilikuja kujua baadaye kwamba wote wawili walikuwa na haki. Sauti ya Nien Nunb, ndilo jina la rubani huyo, ilitolewa na Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, na aliingiza Kikuyu na Kikalenjin. Watengenezaji walitaka mlio ambao mtazamaji wao hataufahamu. Filamu ilitoka 1983. Mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Hugo, ile roketi ya chuma ambayo kwa waandishi wa hadithi hizi ndiyo kombe la dunia. Kwa hiyo lugha mbili za Bonde la Ufa zilishiriki kuipata roketi kabla mwandishi yeyote wa kwetu hajaikaribia, nazo zilipewa kazi ya kuwa kelele za mgeni.

Na Januari ya 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, mtaani humu humu, lugha ilikuwa swali la kwanza. Vijana walisimama barabarani, wakakusalimia kwa lugha waliyoichagua wao, wakasubiri kusikia ulimi wako unaangukia wapi. Kuna waliojifunza salamu za upande wa pili ili wapite, na kuna waliojifunza ili wafunguliwe milango. Wale mama wawili walihama wiki moja, mmoja akielekea huku na mwingine kule. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Ila shosho aliposema habari ya kusukuma komeo hakuwa akizungumzia Star Trek peke yake.

Turudi kwa Uhura. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alipokwenda kujaribiwa alikuwa na kitabu mkononi: riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka 1962 na inayosimulia Kenya, tena kwa jicho la mlowezi. Neno likawapendeza watengenezaji. Likakatwa herufi ya mwisho, likatiwa nyingine, eti lilainike masikioni. Hilo hunichekesha na kunikera kwa wakati mmoja. Uhuru ni neno ambalo watu walilifia msituni, halafu likaonekana gumu kidogo kwa jina la msichana. Hata hivyo simlaumu Nichols. Alitaka kuacha kipindi baada ya msimu wa kwanza, na mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi Martin Luther King alivyomsihi abaki, kwa kuwa watoto Weusi walikuwa wanamwona mtu wao akiwa kazini siku za usoni, na si jikoni. Akabaki. Mwaka 1977 NASA ilimtumia kutafuta wanaanga wanawake na watu wa jamii zilizoachwa nje. Alifariki Julai 2022 akiwa na miaka 89.

Kuna kipindi kingine, cha Septemba 1967, ambacho kwangu kinauma kuliko lile zimwi. Mashine moja inamfuta Uhura kumbukumbu. Anaanza kufundishwa upya kusoma, kama mtoto wa chekechea, na akikwama katika Kiingereza anaangukia Kiswahili. Yaani Kiingereza kimefutika, Kiswahili kimebaki! Ningetegemea mtu mmoja kwenye chombo kizima aseme, basi tumwache aanzie hapo. Wapi. Anaambiwa asome kwa Kiingereza. Sisi tuliosoma shule ambazo ukiongea Kiswahili siku isiyo yake unavishwa kibao shingoni tulikielewa kipindi hicho bila tafsiri.

Na Uhuru wenye herufi zake zote? Huo nao ulikwenda angani, na ulipaa kutoka kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kupima miali ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeongoza mradi huo, akaipa jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, na Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo, alipata Nobeli mwaka 2002. Nimewauliza watu wengi wa rika langu hapa mjini. Uhura wa runinga wanamjua. Setilaiti yetu hawaijui.

Sasa habari za tuzo, kwa sababu najua kuna watakaoniuliza. Hugo ilianza 1953 kule Philadelphia, na jina ni la Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyeanzisha jarida la Amazing Stories mwaka 1926. Wapiga kura ni wanachama wa kongamano la dunia la mashabiki, kongamano ambalo halijawahi kukanyaga Afrika. Runinga iliingia mapema: The Twilight Zone ilichukua roketi mara tatu mfululizo, 1960 hadi 1962, na mwaka 1968 walioteuliwa katika kundi la maigizo walikuwa watano, wote vipindi vya Star Trek. Mashabiki walikuwa wamependa kweli. Mwaka uliofuata kituo kikakifuta kipindi chenyewe.

Siasa zake Mkenya atazielewa haraka. Mwaka 2015 kundi la wapiga kura lililochukizwa na kuona waandishi wanawake na Weusi wakipanda lilipanga orodha yake na kupiga kura ya suti, juu mpaka chini. Wapiga kura wengine wakajibu kwa kuamua kwamba katika makundi matano hakuna anayestahili kitu, na roketi zikabaki kabatini. Kisha N. K. Jemisin, mwanamke Mweusi, akashinda kwa riwaya bora mwaka 2016, akashinda 2017, akashinda 2018. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Mwaka 2023, kongamano likiwa Chengdu, kazi kadhaa zilizostahili zilienguliwa bila maelezo, na barua pepe zilizovuja baadaye zikaonyesha waandalizi wakichunguza waandishi kwa hofu ya siasa za China. Kwa hivyo msije mkaniambia mambo ya fomu za kura kupotea ni ya kwetu tu.

Niliwahi kutaka kupiga kura mimi mwenyewe. Uanachama wa kupigia kura ni karibu dola 50. Nikapiga hesabu kwa shilingi, nikaona ni kodi ya chumba kimoja mtaani kwetu na chenji ya kununulia unga wa wiki. Nikafunga ukurasa. Watu wakijadili kwa nini ladha ya tuzo inaelekea upande fulani, huwa naikumbuka ile chenji ya unga.

Waliopenya kutoka bara letu au wenye damu yake wamepenya kwa kazi, si kwa huruma. Lauren Beukes wa Afrika Kusini alichukua Tuzo ya Arthur C. Clarke, ya Uingereza, mwaka 2011 kwa Zoo City. Tade Thompson akaichukua 2019 kwa Rosewater, riwaya iliyomwekea Nigeria mji unaolizunguka kuba la viumbe wageni, na iliyokuwa imeshashinda Nommo ya kwanza, tuzo ya Waafrika wenyewe, mwaka 2017. Nnedi Okorafor ana Hugo na Nebula, tuzo nyingine kubwa ya hadithi hizi, kwa Binti, na hapo Mswahili anasimama kidogo kulitazama hilo jina. Mwaka 2011 alipewa pia Tuzo ya World Fantasy, na sanamu yake wakati huo ilikuwa kichwa cha H. P. Lovecraft, mwandishi aliyetunga shairi la kuwatukana watu Weusi. Hebu fikiria umepewa kichwa cha mtu kama huyo ukiweke sebuleni, wageni wakija wanakuuliza ni babu yako? Okorafor aliandika waziwazi kuhusu jambo hilo, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba kichwa kinastaafishwa.

Ila ukinilazimisha nichague mmoja, namchagua Octavia Butler, na sina mjadala. Alikuwa mwandishi wa kwanza wa hadithi hizi kupewa ruzuku ya MacArthur, mwaka 1995. Kindred yake ya 1979 inamvuta mwanamke Mweusi wa karne ya ishirini hadi shamba la watumwa, bila mashine, bila maelezo, na safari ya mwisho anarudi ameacha mkono wake kule. Ilipogeuzwa kuwa kipindi cha runinga mwaka 2022, ikakatwa baada ya msimu mmoja. Runinga haina subira na wafu wake. Inapenda zaidi mtu kama yule Daktari wa Doctor Who, ambaye akifa anabadilishwa sura na kuendelea. Kipindi hicho kilianza London tarehe 23 Novemba 1963, siku kumi na tisa kabla bendera yetu haijapandishwa, na kwa miaka sitini kimezunguka nyota zote hadi Desemba 2023, Daktari alipokuwa Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali. Kigali ni basi mbili tu kutoka hapa.

Kitabu nilichokuwa nakitafuta bila kujua nilikipata chini. Pale mjini, kandokando ya barabara, wauza vitabu vya mitumba hutandika gunia na kupanga: Biblia, vitabu vya marudio ya darasa la nane, riwaya nene za Marekani zenye mihuri ya maktaba za miji ya mbali. Hapo ndipo nilipomsoma Asimov na Le Guin, mara nyingi bila kurasa za mwanzo. Siku moja, chini ya kitabu cha kilimo, nikaona jalada lililochakaa: Walenisi, Katama Mkangi, 1995. Muuzaji akataka mia. Nikatoa themanini.

Dzombo anahukumiwa kifo. Badala ya kunyongwa anatiwa kwenye chombo cha angani kimpeleke kufa huko, na badala ya kufa anatua kwenye sayari iitwayo Walenisi. Vunja jina hilo vipande utaona mzaha wake: wale ni sisi. Ni nchi ambayo watu wake wameamua kuishi kwa usawa. Mkangi alikuwa mtu wa Pwani, mwanasosholojia, na serikali ilimweka kizuizini mwaka 1986, kwa hiyo aliposimulia mtu anayefungiwa ndani ya chuma hakuwa akibahatisha. Nilikisoma kwenye matatu hadi nikapitishwa stendi yangu. Kwa mara ya kwanza rubani wa anga alikuwa anawaza kwa Kiswahili, anaogopa kwa Kiswahili, anaandikiwa Kiswahili na mtu asiyejali kama Lando ataelewa. Si kitabu kikamilifu. Sehemu za katikati zinahutubu mno, na kuna mahali nilitamani Dzombo apotee njia kidogo ili tuone sayari bila mwongozaji. Lakini Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila zilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 2000 na safari zao za ajabu, kwangu zilimkuta Dzombo ameshapita njia.

Hakuna roketi iliyowahi kumfikia. Kwa Kiswahili tuna tuzo iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, siku hizi Safal-Cornell, kwa fedha za watengeneza mabati. Wenzetu wana roketi, sisi tuna bati. Sisemi kwa dharau; kwenye plot yetu bati ndilo lililoishikilia antena.

Mwaka huo wa 2013 nilikuwa pia na Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya 2009, ambamo maji yamekwisha duniani na watu wanaishi ndani ya jengo liitwalo Maitu. Nilitaka kumwonyesha shosho, kwa kuwa neno hilo kwa Kikuyu ni mama. Stima haikurudi. Tukala maharagwe, tukalala.

Asubuhi, nikimfunga kitambaa kwenda kliniki, aliniuliza kama lile zimwi liliuawa. Nikamwambia ndiyo, daktari alilipiga risasi, na lilikuwa la mwisho la aina yake.

"Kidole walikata?"

Nilikuwa nimesahau. Katika hadithi zake zimwi likikaribia kufa husema likatwe kidole kidogo, na hapo hutoka wote lililowameza: ng'ombe, watoto, mama zao, kijiji kizima, mpaka mbwa.

"Hapana, Shosho. Walilipiga risasi tu, wakaondoka."

Akainuka, akapapasa ukuta kutafuta mkongojo.

"Basi wale watu wako ndani bado."